Moya, Mbili, Ine

Nganda yetu, baa ya uani yenye bendi yake, ilikaa kati ya stesheni ya treni na mto, na mtu ambaye hajasikia bendi ikipiga kati ya treni na mto hajui kelele ni nini. Ilikuwa parseli, kipande cha ardhi chenye ukuta wa matofali mabichi, paa la mabati upande mmoja, na katikati kiwanja cha saruji cha kuchezea. Kiwanja chenyewe kilikuwa kidogo sana: wakiingia wanene wawili, wa tatu anachezea barabarani. Malafu, ile pombe ya mchikichi, ilifika asubuhi kutoka ng'ambo ya mto, na bia ilifika siku ambayo treni ilijisikia kufika. Tulipiga kila Jumapili mchana, watu wakiisha kula. Nasema mchana makusudi, kwa sababu kila ninaposimulia haya watu wanafikiri ni mambo ya usiku, ya bundi na mishumaa. Hapana. Jua liliwaka mpaka mpiga besi wetu akakaanga yai juu ya ampli. Nililila mimi mwenyewe. Lilikosa chumvi tu.

Siku za kazi nilibeba magunia ya mchele bandarini, jioni nikaenda kozi ya jioni, na Jumapili nikatikisa marakasi na kuimba sauti ya pili. Nilipopata diploma, mtaa mzima uliamua kwamba mimi njo fundi wa umeme wa Maniema yote, toka Lubutu mpaka Kabambare. Kumbe tulichosoma ni hesabu, Kifaransa, na kurasa chache za fizikia ambazo mwalimu alizipitia mbio kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yanaisha. Nilikubali cheo. Nani anakataa cheo?

Mwenye nganda njo alikuwa mpiga solo wetu. Alikuwa mwembamba, mpole, na kidole chake kidogo cha kushoto kilipinda kama ndoano. Gita lake la umeme alilichonga mwenyewe, na nyuzi alizitoa kwenye kebo za breki za baiskeli, akizifumua uzi kwa uzi. Miaka ile mizuri ya bendi hakukuwa na baiskeli yenye breki kuanzia stesheni hadi sokoni. Watu walisimama kwa miguu na kwa sala. Ampli aliiunda kutoka redio kuukuu, ikila batri ya lori. Bafle, yaani spika yetu, lilikuwa sanduku la mbao, na mbele alilivika kitambaa cha gauni la harusi la mke wake. Huyo mke tulimwita Mama, basi, Mama tu, maana sisi sote tulikula kwenye sufuria yake.

Wimbo wa kwanza kila Jumapili ulikuwa wa chama. Hilo halikuwa na mjadala. Sitwayen mmoja, yaani "raia", kama chama kilivyotaka tuitane, wa vijana wa chama, alikaa mlangoni na miwani myeusi, abakosti, lile koti la chama lisilo na tai, imefungwa hadi kooni, jasho likimtoka kama mtungi unaovuja, akihakikisha kwamba sifa zote zimeimbwa. Wimbo ukiisha alivua miwani akacheza kuliko sisi wote.

Halafu zikaja nyimbo zetu, na katika kila wimbo sebene, pale maneno yanapokwisha na gita linaanza kukimbia. Bendi nyingine zilihesabu moya, mbili, tatu, ine, kisha zikaingia. Mpiga solo wetu aliruka tatu. Alisema "Moya, mbili," akanyamaza, halafu "ine."

"Ya tatu njo ya miguu," alitueleza. "Muwaachie wenye kucheza."

Na kweli, katika kile kimya kila aliyekuwa ndani, mlevi na asiye mlevi, alipiga mguu chini mara moja, pu! Glasi ziliruka juu ya meza. Mgeni alijulikana hapo hapo, maana mguu wake ulibaki umelala. Watoto wa mtaa wetu waliujua mdundo huo wakiwa bado mgongoni mwa mama zao.

Mwaka mmoja, mvua zilipoanza, aliitwa Lokandu kupiga kwenye harusi. Gita la umeme aliliacha, kwani kule hakukuwa na batri. Alichukua gita la mbao, akapanda pirogi, mtumbwi mkubwa wa wachuuzi wa samaki, akashuka na mto. Pirogi ilifika Lokandu. Yeye hakufika.

Waliokuwa naye waliulizwa kila mmoja peke yake, na kila mmoja alisema yale yale. Walisogea ukingoni mahali pasipo na kijiji ili mvua ipite. Yeye alishuka, akaingia chini ya miti, na kutoka humo ndani wakasikia gita lake likipiga, kavu, safi, kana kwamba halinyeshewi. Mvua ilipokoma, gita likakoma. Waliita. Waliingia, wakatafuta mpaka giza. Tope lilikuwa laini kama ugali, lakini halikuwa na alama hata moja ya mguu.

Mama hakulia. Alitoa gita la umeme ndani ya nyumba, akaliweka juu ya kiti cha mumewe, uso kwa watu, waya wake umechomekwa kwenye ampli.

"Kiti hiki iko na mwenyewe," alisema. "Nyie mupige."

Tukapiga. Lakini kila wimbo ulifika kwenye sebene ukakuta shimo. Tuliishia pale, tukatazamana kama watu waliofika kivukoni na kukuta bac imeshaondoka, halafu mmoja wetu akaanza wimbo mwingine.

Ilikuwa Jumapili ya jua kali. Tulikuwa tumemaliza maneno, tumesimama mbele ya shimo letu la kawaida, nami nimefungua kinywa kuanza wimbo mwingine. Bafle likakohoa. Milio ya waya naijua, na ule haukuwa wa waya. Kilikuwa kikohozi cha mtu aliyekaa karibu na moto wa kuni mbichi. Kisha sauti ya chini, isiyo na haraka:

"Moya, mbili..."

Pu! Nganda nzima ilipiga mguu.

"...ine."

Hakuna aliyeingia. Miguu ilikuwa imeshajibu, lakini mikono ilining'inia. Nilisikia nzi wakitembea kwenye midomo ya chupa, ninaapa, nilisikia hatua zao.

"Nani amesema?" mpiga ngoma akauliza.

"Sitwayen," yule wa chama akasema kutoka mlangoni, na sauti yake ilikuwa nyembamba, "nani anahesabu hapa bila ruhusa?"

Nilicheka. Kicheko changu kilitoka peke yake, kikakosa mwenzake, nikakirudisha ndani. Mama aliweka sinia chini, akapita katikati ya wachezaji, akapiga magoti mbele ya bafle, akabandika sikio kwenye kitambaa cha gauni lake la harusi.

"Umekula?" akauliza.

Kwa kuwa nilikuwa fundi wa Maniema yote, kesho yake watu walinijia wanataka maelezo, nami nilikuwa nayo tele. Ukuta kwa ukuta nasi kulikuwa na ghala la mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, Mkristo wa kweli, mwenye foni, ile redio ya kuzungumza na malori yake na duka lake la Goma. Wenye foni, kabla ya kusema, wanahesabu ili wajaribu sauti. Ampli yetu ilitoka tumboni mwa redio. Imedaka foni ya jirani, nikasema, na ile tatu imemezwa na hewa. Watu walipumua hivi kwamba nusura mabati yainuke. Nilipewa malafu bure.

Ila mimi mwenyewe nilipita ghalani kuhakikisha.

"Muzee, jana mulikuwa munajaribu foni?"

"Mutoto wangu, siku ya Bwana mie niko kanisani tangu asubuhi mpaka jua linazama. Foni nazima. Batri natoa, naweka nyumbani chini ya kitanda, juu ya kuogopa wezi." Alinitazama, akashusha sauti. "Na nyie watu wa nganda, Jumapili munatuma nani ndani ya ghala yangu?"

"Hatutumi muntu."

"Mulinzi amekataa kukaa mule. Anasema nyuma ya magunia kuna muntu anakaza nyuzi za gita. Anakaza, anagusa, anakaza. Hapigi wimbo."

Nilirudi nganda, na malafu ya siku hiyo nikailipia.

Sauti ilirudi Jumapili nyingine, ikakosa, ikarudi. Watu walizidi. Mmoja alidai ametembea kwa miguu kutoka Kabambare, ila niliona viatu vyake, vilikuwa visafi mno kwa uongo huo. Walikunywa kimya, wakipiga mguu inapopasa, na baada ya "ine" walikuwa wanatazama kile kiti. Mama alihamishia kigoda chake pembeni ya bafle. Alilisemesha kama mwanamke anavyosemesha mume aliye chumba cha pili: kwamba mabati yanavuja, amwite nani, kwamba mbuzi wa jirani amekula kamba ya nguo. Halikumjibu hata mara moja. Lilikohoa, likahesabu.

Ndipo alipokuja baba mdogo wa mpiga solo.

Alikuwa mzee wa reli, mtu wa breki wa treni za mizigo, sasa amestaafu, na alikuwa na sauti ya kusimamisha behewa bila breki. Viatu vyake vya kazi hakuvivua hata baada ya kustaafu, vile vyenye chuma kisiginoni. Hakuwa mtu mbaya. Zamani alikuwa anacheza kwetu kila Jumapili, na jasho lake lilifahamika. Lakini alikuja na neno la ukoo.

Wao ni watu wa mto. Kwao, mtu akipotelea mtoni au kando yake na mwili usionekane, ndugu zake wanakwenda kumwita kwa jina lake. Asipoitika, wanachukua mgomba, wanauvika shuka, wanauzika mahali pake, na matanga yanakwisha. Walikuwa wameshamwita kule Lokandu. Hakuitika. Na mgomba ukizikwa, parseli inarudi kwa ukoo. Jirani wa ghala alikuwa ameshaulizia mahali pa kuongeza mchele. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi, na kila mtu mtaani aliyajua: mgomba ukiingia ardhini, Mama anatoka. Anarudi kwao Pangi na sufuria yake, mjane, na kile kiti kinapata mtu mwingine.

Walizungumza tukiwa tunafunga vyombo, na hakuna aliyetufukuza.

"Baba," Mama alisema, "mulimuita wapi?"

"Kwenye maji. Njo desturi."

"Ule muntu, tangu lini anaitwa na anasikia? Mie nilikuwa namuita kwa chakula, anakula kimepoa. Kitu anasikiaga iko bafle tu. Mumuite hapa."

Mzee alicheka. "Nimuite ndani ya sanduku?"

"Ndani ya sanduku. Akinyamaza, jembe ntashika mie mwenyewe."

"Na akiitika?" mpiga besi akadakia, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mzee alikuna kidevu. "Muntu anayeitwa na anaitika, hatumuzike. Hiyo iko vile tangu kwa babu." Halafu akatunyooshea kidole. "Lakini siku ile hakuna umeme. Watu wa bendi muko wajanja, na huyu wa kozi ya jioni njo mukubwa wa wajanja."

Niliona fahari kidogo, siwezi kuficha.

Jumapili iliyofuata walikuja na mgomba. Vijana wa ukoo walikuwa na haraka, hawakuukata, waliung'oa na mzizi wake mzima. Ulikuwa umevikwa shuka jeupe, umefungwa sehemu tatu kama wanavyofungwa watu. Waliulaza katikati ya kiwanja cha kuchezea, na maji yake yakaanza kutoka kwenye shuka na kutembea juu ya saruji, taratibu, kuelekea kwenye bafle. Jua lilikuwa utosini. Mto hapo ng'ambo ya reli ulimeta kama bati jipya. Hakuna aliyegusa glasi yake.

Mzee alichomoa nyaya za batri kwa mikono yake, akaibeba, akaiweka chini ya kiti chake, kisha akaibana kwa miguu miwili. Akatuambia tupige wimbo wa mwanawe mpaka mwisho wa maneno, tusimame.

Bila umeme gita la besi lilitoa sauti ya panya ndani ya kapu. Tuliimba karibu kwa kunong'ona. Maneno yakaisha, tukasimama.

Mzee aliinuka, akalielekea bafle, akamwita kwa jina lake la utotoni, ambalo sitaliandika. Ndege waliondoka juu ya mabati. Akangoja. Akaita tena. Kule stesheni mabehewa yaliyokuwa yakigongana yalinyamaza, kana kwamba nayo yalikuwa yanasikiliza. Akaita mara ya mwisho, na mara hii sauti ilimpasuka katikati, kwa kuwa alikuwa amemlea.

Kitambaa cha gauni hakikutikisika. Kikohozi hakikuja.

"Mwanangu," akamwambia Mama, polepole, "umesikia mwenyewe."

Mama alikuwa ametoa neno lake, naye hakulirudisha. Alikwenda ukutani walipochagua mahali, akashika jembe, akalaza kitambaa chake cha kichwa chini. Uso wake ulikuwa umekauka kama saruji. Aliinua jembe juu.

"Moya, mbili..."

Pu!

Miguu yote, pamoja na wangu. Lakini mmoja uliizidi yote, ulilia kwa chuma juu ya saruji, na kila mtu aliujua.

"...ine."

Tukaingia. Hakuna aliyeamua, mikono ilikuwa imeingia kabla yetu. Tulipiga sebene na vyombo vyetu vya panya, na watu walikuwa wanacheza bila kutabasamu, wakizunguka lile shuka jeupe. Nimetia chumvi mahali pengi katika maisha yangu, hata humu ndani, lakini hapa natoa mkono wangu kwenye kopo la chumvi: uzi mmoja wa gita lililokuwa juu ya kiti ulikuwa unatetemeka. Saruji ilitikiswa na miguu. Hilo kozi ya jioni inalielewa. Kozi ya jioni haielewi kwa nini uzi uliendelea kutetemeka mpaka tulipomaliza, ukakoma pamoja nasi.

Mzee alikuwa amesimama anautazama mguu wake kama mtu anayemtazama mbwa wake aliyemuuma mgeni.

"Baba," Mama akasema, jembe bado mkononi, "mguu ule ni wa nani?"

"Wangu."

"Ulikuwa unamujibu nani?"

Aliinama akaitoa batri, akairudisha penye ampli, nami nikamsaidia kufunga nyaya.

"Muendelee," akatuambia. Akawakusanya watu wake, wakatoka. Mgomba waliuacha. Hakuna kijana hata mmoja aliyekubali kuugusa.

Tuliwauliza waliokuwapo wote, sauti ilitoka wapi. Mpiga besi alisema kwenye bafle, kama siku zote. Mpiga ngoma alisema ndani ya shuka, kwenye mgomba, na baada ya siku hiyo alihamisha ngoma zake mbali na ukuta. Sitwayen wa chama alisema yeye hakuwapo, ingawa alikuwa amekanyaga mguu wangu. Mimi nilikuwa na wazo langu. Nilimfuata Mama alipokuwa anaosha glasi.

"Mama, tuambiane sisi wawili. Njo wewe ulihesabu?"

"Mie?" Aligeuka, na nikaona hachezi. "Nilikuwa na jembe juu, nakuangalia wewe. Nilisema moyoni, huyu wa diploma atanisaidia, atahesabu. Nilikuwa nakungojea."

"Mama, si mie."

"Basi," akasema. Akaisugua ile glasi muda mrefu sana.

Ukoo haukurudi. Shuka liliozea mvuani pale ukutani tulipousogeza mgomba kwa miti, na kwa kuwa ulikuwa na mzizi wake, ukashika ardhi ukachipua. Ulizaa. Hakuna aliyekula ndizi zake isipokuwa Mama, aliyesema ni tamu, ila zina harufu ya moshi wa kuni mbichi.

Nganda ilibaki yake mpaka alipozeeka. Sauti haikurudi tena hata Jumapili moja, na hilo njo lilimsumbua kuliko kuisikia. Nasi hatukuhesabu tena. Wimbo ukifika kwenye sebene tulinyamaza, miguu ikapiga, tukaingia. Kabla ya matine, muziki wetu wa mchana, Mama alikuwa anaweka juu ya bafle sahani ya wali na samaki, imefunikwa, na tulipofunga vyombo sahani ilikuwa tupu. Sikuuliza nani amekula. Mpiga besi alikuwa mlafi wa ajabu, angeweza kula mpaka na mfuniko. Nataka iwe ni yeye.